Fahren, fea na feri ni ndugu wa tumbo moja

Mwezi huu mmenishika koo. Nafungua barua ya kwanza nakuta Kijerumani, nafungua ya pili Kijerumani, ya tatu nikajua basi, hawa ni vijana wetu wa mtihani wa A1, ngazi ya kwanza ya Kijerumani, wanaotafuta viza, na wa mahotelini, na madereva wanaobeba wageni. Haya, hakuna neno. Kwa mgeni wa ukurasa huu, mimi Kijerumani sikukianzia darasani, nilikianzia mchangani, nikiuza vinyago na leso ufuoni Bamburi enzi zile ukitamka Guten Morgen, habari za asubuhi, vizuri ushauza ndovu wawili kabla ya chai ya saa nne. Vitabu vilikuja baadaye sana. Na kitu nlichoona kwenye barua zenu ni kwamba karibu nyote mnaulizia neno moja na hamjijui, neno lenyewe ni fahren. Basi twende.

Maalim shikamoo. Mimi niko mapokezi kwa hoteli moja huku Bamburi na jioni nasoma Kijerumani. Juzi mzee mmoja mgeni akaniuliza wikendi naenda wapi, nikamjibu kwa raha zangu Ich gehe nach Malindi, maana gehen si ndo kwenda? Akacheka mpaka akashika kaunta, akaniuliza zu Fuß? Kuja kuangalia kumbe ni "kwa miguu?" Mwalimu wangu anasema ningesema fahre. Kwani huko kwao kuna kwenda ngapi? Na hili fahren limetoka wapi maana limejaa kila mahali, Fahrrad, Fahrkarte, Fahrstuhl, nimechoka. (Dada wa Mapokezi)

Marahaba mwanangu, na usione haya, huyo mzee hakukucheka wewe, alicheka picha aliyoiona kichwani: binti wa watu na kikoba chake anakata Mtwapa, anakata Kilifi, kilomita zaidi ya 100 kwa makubadhi. Sababu kwa Mjerumani wa leo gehen ni miguu, na fahren ni chochote kinachokubeba ukiwa umekaa au umesimama tu, gari, treni, baiskeli, meli. Ndege ina kitenzi chake, fliegen, hiyo usiiingize humu.

Sisi kitenzi chetu hakijali. Naenda, basi, na kazi yote twaiwachia kile kijineno "kwa": naenda kwa miguu, kwa matatu, kwa ndege. Wao kitenzi chenyewe kishakwambia wasafiri vipi kabla hata hawajataja gari. Kwa hivyo sema Ich fahre mit dem Matatu nach Malindi na mzee atakaa kimya. Ila usije ukaitupa gehen kabisa, maana mtoto akiwa mwanafunzi watasema er geht zur Schule hata kama kila asubuhi anabebwa na basi, na mtu anayehamia Ujerumani kufanya kazi au kuishi anaweza kusema ich gehe nach Deutschland na hakuna atakayemuuliza kuhusu viatu.

Sasa asili, na hapa ndo penye utamu, kaa vizuri.

Fahren haikuanza na magari. Ingeanza vipi na magari, neno lina zaidi ya miaka elfu na gari la injini ni la juzi. Kijerumani cha kale lilikuwa faran na maana yake ilikuwa kwenda tu, kuondoka sehemu moja ukaelekea nyingine, kwa mguu, kwa farasi, kwa jahazi, vyovyote. Ushahidi bado uko wazi kwenye lugha ya leo kama mifupa ya samaki kwenye sahani. Siku ya Kupaa kwa Yesu wanaiita Himmelfahrt, ile Fahrt ni ile ile ya fahren, na nijuavyo mimi mbinguni hakukwendwa na basi. (Ni sikukuu ya taifa, huangukia Alhamisi, na wanaume wengi huko wameigeuza siku ya akina baba, wanavuta kimkokoteni cha bia barabarani. Mimi nasimulia tu.) Tena mtu akifanya jambo la ajabu ghafla wanamuuliza Was ist denn in dich gefahren, kitu gani kimekuendea ndani, na zamani aliyekuwa anaingia ndani ya mtu kwa hicho kitenzi ni shetani. Hapo sisi wa Pwani hatuhitaji kutafsiriwa, si huwa twasema amepandwa na pepo? Kupanda ni kitenzi cha matatu, ukija kwa pepo mtu ndo anageuka gari.

Ukichimba zaidi ya Kijerumani cha kale unafika kwenye ile lugha mama ya lugha nyingi za Ulaya na India ambayo haikuandikwa popote, wataalam wameijenga upya kwa kulinganisha Kigiriki, Kilatini, Kihindi cha kale na wenzao. Humo kuna mzizi per, na maana yake ni kuvuka, kupita upande wa pili. Utauliza p imekuwaje f. Hiyo ni kanuni, siyo bahati. Jacob Grimm, yule yule wa hadithi za watoto yeye na nduguye Wilhelm, aliieleza mwaka 1822: penye p ya Kilatini mwanzoni mwa neno, upande wa Kijerumani na Kiingereza utakuta f. Kilatini piscis, Kijerumani Fisch, samaki. Kilatini pater, Kijerumani Vater, inaandikwa V lakini inatamkwa f. Na mguu kwa Kilatini ni pes, ukiurefusha pedis, ndipo ilipotoka pedali ya baiskeli yako, na kwa Kijerumani ni Fuß, ile ile Fuß aliyokuulizia mzee. Ni kama vile wazee wa Mvita wanavyosema ndia pale wengine wanaposema njia, ndaa pale wengine wanaposema njaa, yaani ukishaijua hatua moja unaweza kuzicheza zote.

Huyo Jacob nampenda kwa jambo lingine. Yeye na nduguye walianza kamusi kubwa ya Kijerumani, juzuu ya kwanza ikatoka 1854, Wilhelm akafa 1859, Jacob akaendelea peke yake mpaka 1863 akafa akiwa ameishia kwenye neno Frucht, tunda. Kamusi ikaja kumalizwa na wengine miaka karibu mia baadaye, 1961. Lakini fa iko mbele ya fr, kwa hivyo fahren aliiwahi mwenyewe.

Turudi kwa kuvuka, maana hapa ndipo nlipotaka kukufikisha, Likoni, kwenye kivuko cha Mombasa. Ule mzizi per, maana yake kuvuka, ndo uliozaa kwa Waingereza ferry, nasi tukaichukua feri, na Wajerumani wanaita Fähre. Ni ukoo mmoja na fahren. Kila siku mtu wa Likoni akisema nashuka ferini ametaja mjukuu wa lile neno la kale bila kujua. Na haliishii hapo. Fare ya Kiingereza, ambayo vijana wetu wanaitamka fea, nitumie fea, amekula fea, ni mtoto wa mzizi huohuo: zamani kwa Kiingereza ilikuwa safari yenyewe, baadaye ikawa pesa ya safari. Kwa hivyo binti anapokula fea ya mtu na asitokee, kwa asili ya neno amekula safari nzima. Nauli yetu ya heshima haimo kwenye ukoo huu, hiyo ilikuja na Waarabu nao wakiwa wameipata kwa Wagiriki, iache.

Tena pasipoti. Ile port ya mwisho ni ya Kilatini, bandari au mlango, mahali pa kupitia, na wataalam wanaitoa kwa per hiyo hiyo. Na Frankfurt ambako wageni wetu wengi wanatokea, furt ni mahali penye maji machache mtu akavuka mto kwa mguu, kwa hiyo mji mzima ni Kivuko cha Wafrank, kwenye mto Main. Ukiwa Likoni wewe ni mtu wa kivukoni, ukiwa Frankfurt vilevile.

Waholanzi wao ndugu yake fahren wanaitamka varen, na kwao leo imebakia zaidi kwa vyombo vya majini, meli, mashua. Yaani Mjerumani akaipeleka barabarani Mholanzi akaiacha baharini. Kwa Iceland fara bado ni kwenda tu, vyovyote vile, kama Kiswahili.

Swali la mtihani kwako sasa, na mimi hulitoa darasani kila mwaka. Likoni mtu wa miguu halipi na hapandi gari, anaingia feri kwa miguu yake, anasimama katikati ya watu na kuku na pikipiki, anatoka ng'ambo kwa miguu yake. Je, ni gehen au fahren? Wengi wanasema gehen sababu ya miguu. Hapana, pale katikati ya maji miguu imetulia, kinachokwenda ni chombo: ich fahre mit der Fähre. Hiyo sentensi ina mzizi mmoja mara mbili.

Na hayo mengine uliyotaja ni mepesi ukishajua. Rad ni gurudumu, Fahrrad ni gurudumu la kwendea, baiskeli, waliitunga karne ya 19 ili waache neno la kigeni Veloziped. Karte ni kadi, Fahrkarte tiketi. Stuhl ni kiti, Fahrstuhl ni kiti kinachokwenda, ndo lifti hiyo, ijapokuwa ukiingia kiti hukioni.

Maalim, mimi naendesha tuktuk upande wa Likoni. Kuna Mjerumani alitaka kukodi tuktuk aendeshe mwenyewe nikamuuliza leseni akanitolea kitu anakiita Führerschein. Nkashtuka, mimi Führer namjua mmoja tu wa vitabu vya historia, Hitler, na yule sitaki kuona cheti chake. Leseni ya gari na mambo yale wapi na wapi? Na kama fahren ndo kuendesha mbona isiwe Fahrschein? (Wa Tuktuk)

Kakangu kwanza tuktuk usikodishe hivyo, bima itakukimbia. Pili, Fahrschein ipo, lakini ni tiketi ya basi. Sasa sikiza.

Kiswahili ukitaka kumfanya mtu au kitu kitende unaongeza -sha au ndugu zake: anguka, angusha. Kunywa, nywesha. Enda, endesha. Wajerumani wana kitu hicho hicho ila wao hawagusi mwisho, wanageuza irabu ya kati. Fallen kuanguka, fällen kuangusha, huyo ni mkata miti. Trinken kunywa, tränken kunywesha, kama mifugo. Na fahren kwenda, führen ni kufanya kitu kiende. Umeona? Führen ni endesha yao, tangu zamani.

Na cha kushangaza, imekwenda kule kule ilikokwenda endesha yetu. Sisi twaendesha gari, twaendesha duka, wakubwa wanaendesha nchi, tena wengine vibaya. Wao pia, ein Geschäft führen ni kuendesha biashara. Führer kwa asili ni mwendeshaji au mwongozaji tu. Yule bwana wa historia alilichafua neno, na likisimama peke yake kwa mtu wa siasa leo hakuna anayelitaka, lakini likishikana na jingine halina taabu: Reiseführer ni mwongoza watalii au kitabu cha kuongozea, Lokführer ni dereva wa treni, Bergführer wa kupandisha watu milimani. Führerschein basi ni cheti cha mwendeshaji, yaani leseni, hakuna siasa.

Tatizo limebaki moja, na mtihani unalipenda. Kwa kuwa führen ilipanda cheo ikawa uongozi, fahren yenyewe ikabidi ibebe kazi mbili, kwenda na gari na pia kuendesha gari. Wanazitofautisha wakati uliopita kwa kisaidizi. Ich bin nach Kilifi gefahren, nimekwenda Kilifi, wewe ndo umehama mahali, kisaidizi ni bin. Ich habe den Bus gefahren, nimeendesha basi, kuna kitu umekifanya kiende, kisaidizi ni habe. Abiria ni bin, dereva akitaja gari lake ni habe. Na usisahau a inaota vidoti kwa du na er: du fährst, er fährt. Wanafunzi wangu wote huangukia hapo, hata wale wakali.

Maalim, shemeji yangu alipokwenda Ujerumani mara ya kwanza alitupigia simu akasema wamepita mji mkubwa sana unaitwa Ausfahrt, kila baada ya dakika tano kibao kinaonyesha Ausfahrt na hawaumalizi. Nimetafuta kwenye ramani siuoni. (Msomaji wa Changamwe)

Hahaha. Mwambie shemeji hajapotea peke yake, wengi wamepita mji huo. Aus ni nje, Ausfahrt ni pa kutokea kwenye barabara kuu. Pa kuingilia ni Einfahrt. Ukitoka kwa miguu mlangoni kibao ni Ausgang, ile ile tofauti ya gehen na fahren imechorwa mpaka kwenye mabati.

Shikamoo Maalim. Nafanya kazi ya kuhudumu mezani. Wageni wanasema fertig kwa kila kitu, chakula kikiwa tayari fertig, wakimaliza kula fertig, na jana mmoja katoka juani kajitupa kitini akasema ich bin fertig, nikadhani amemaliza kulipa kumbe anataka maji. Pia naandika CV yangu na wameniomba Berufserfahrung, nayo ina fahr ndani, ni uzoefu wa udereva? (Binti wa Mezani)

Marahaba bintiangu, hapana, usiandike udereva, utaajiriwa kazi usiyoijua.

Tuanze na fertig. Hili nalo linatoka kwa Fahrt, safari, japo sura imebadilika. Zamani lilimaanisha aliyejiandaa kwa safari, mizigo imefungwa, farasi ametandikwa, twaweza kuondoka. Kutoka hapo likawa tayari kwa lolote, na mashindanoni mpaka leo wanaita Auf die Plätze, fertig, los, nafasi zenu, tayari, twende. Halafu jambo likishatayarishwa si limekwisha? Ndo likawa pia kumaliza. Na mtu akiisha nguvu naye ni fertig, kama sisi tunavyosema leo nimeisha, nimekwisha kabisa. Huyo mgeni wako aliisha, mpe maji na usimletee bili.

Erfahrung sasa. Beruf ni kazi ya mtu, na Erfahrung ni uzoefu, inatoka kwa erfahren, ambayo mwanzoni ilikuwa kwenda huku na huku ukapita nchi mpaka ukazijua. Wao pia walikuwa hawaamini mtu ajua kitu kama hajakiendea. Nani Mombasa hajawahi kuambiwa tembea uone? Erfahren ni tembea-uone iliyogandishwa ikawa neno moja, na leo hata ukiwa umekaa ofisini miaka kumi hujatoka nje wanakuhesabia Erfahrung, na ukisikia habari kwa jirani pia ni erfahren, umepata kujua. Kwenye CV weka hoteli ulizofanyia na miaka, basi.

Na kama unapenda, mababu nao ni Vorfahren, waliokwenda mbele. Vor ni mbele. Ukiifikiria, misibani twasema marehemu ametangulia mbele za haki, na wao wahenga wao wote wamewaita waliotangulia. Wazao ni Nachfahren, wanaokuja nyuma. Hilo mimi nilipolijua mara ya kwanza nilikaa kimya kidogo.

Maalim, mimi hutembeza wageni Shimba Hills. Naomba nieleweshe reisen na wandern zinatofautiana vipi na fahren, maana kuna mgeni kaniambia wir wandern ein bisschen nikadhani ni matembezi kidogo ya jioni, nimevaa patipati, tukatembea tangu asubuhi mpaka saa tisa. Na wao wakisema Safari mbona ni simba tu? (Mwongoza Wageni wa Kwale)

Pole sana, ein bisschen ya Mjerumani ni ya kuogopwa. Wandern ni kutembea kwa miguu porini au milimani kwa raha zao, na viatu vyake, na mkoba wake, na mayai ya kuchemsha ndani. Ukoo wake ni wa maneno ya kugeuka na kupindapinda, siyo wa fahren. Zamani fundi aliyemaliza uanagenzi alikuwa anatoka kwenda wandern, na wapo wachache wanaoendelea hata leo, nguo nyeusi na kofia pana, miaka mitatu na siku moja, na hawaruhusiwi kukaribia kwao chini ya kilomita 50. Ndo maana mtu mjuzi wa jambo anaitwa bewandert, amelitembelea. Unaona wanavyorudi pale pale, ujuzi wao uko miguuni.

Reisen ni kusafiri, na haijali chombo. Unaweza reisen kwa treni, kwa ngamia, kwa chochote. Huyu ana historia nyingine kabisa, ni ndugu wa rise ya Kiingereza, kuinuka, na maana yake ya kwanza ilikuwa kuondoka, kuinuka ukatoka, na enzi za kati mara nyingi aliyeinuka alikuwa anakwenda vitani. Askari wa kukodiwa wa Uswisi karne ya 15 na 16 walikuwa wakiitwa Reisläufer, wakimbilia-vita. Leo unatakiwa Gute Reise, safari njema, ukaone wanyama, zamani ungekuwa unapelekwa kupigana. Neno limepoa.

Kuna mfano uko hapa hapa kwetu. Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa 1844, mwaka huohuo akafiwa na mkewe na mtoto, makaburi yao yako Nyali upande wa Mkomani, nadhani wengi mmeyapita tu. Akakaa Rabai na mwenzake Johannes Rebmann, akaenda Usambara na Ukambani kwa mguu, halafu 1858 akatoa kitabu kwa Kijerumani kinaitwa Reisen in Ost-Afrika. Reisen, siyo Fahrten. Ametembea kwa miguu yake mpaka akauona mlima Kenya 1849 na kitenzi kinamruhusu. Ndo huyo huyo aliyeandika kamusi ya Kiswahili iliyotoka 1882 yeye akiwa ameshafariki, kwa hiyo Mjerumani ametuandikia neno safari nasi leo twaandika habari za reisen yake, tumelipana.

Na hiyo Safari yao, ni kweli, imewafikia ikiwa imekatwa mkia. Kwetu safari yatoka Kiarabu na inabeba kila kitu, nina safari ya Kaloleni kuna msiba, safari hii umenikosea, nimekuja safari tatu sijakukuta. Kwao bila ndovu hakuna Safari. Mwambie mgeni wako jana ulifanya safari, halafu umwone anavyoulizia kama uliona chui.

Assalam aleikum Maalim. Mwanangu amekwenda Ujerumani kusomea uuguzi, wiki ya pili tu katozwa yuro 60 kwenye treni ya mjini, karatasi wamemwandikia Schwarzfahren. Yeye aniapia tiketi alinunua, anayo mkononi. Schwarz nimeambiwa ni nyeusi. Ni kwa sababu ya rangi yake? Nimelia sana. (Mama wa Majengo)

Waaleikum salaam mamangu, futa machozi. Schwarzfahren ni kupanda bila tiketi halali, na hata mzungu mwenye nywele za manjano akishikwa anaandikiwa neno hilo hilo na yuro 60 hizo hizo. Ile nyeusi ni ya magendo, kama tunavyosema soko nyeusi. Siku hizi makampuni mengine ya usafiri huko yenyewe yameliacha neno kwa vile watu wengine liliwauma kama lilivyokuuma wewe.

Kilichomponza nakihisi, sababu nami kilinipata. Huko hakuna makanga, hakuna wa kugonga bodi wala kukuita we wa nyuma nauli, unajinunulia tiketi kwenye mashine na unaingia mwenyewe. Lakini miji mingi tiketi ikitoka mashineni bado haijaanza kazi, kuna kijisanduku pembeni, stesheni au mlangoni mwa gari, mara nyingi cha bluu au cha manjano, unaichomeka ile tiketi inapigwa muhuri wa saa na tarehe. Usipopiga ni kama hukununua, na mkaguzi akija amevaa kiraia hata hutamjua mpaka akutolee kitambulisho. Asome maandishi madogo kwenye tiketi yake, kama pameandikwa bitte entwerten basi ndo hiyo, aipige muhuri kabla ya kukaa. Na hiyo karatasi ya yuro 60 asiitupe kwa hasira, alipe kabla tarehe haijapita maana wanaongeza, na kwa vile hiyo tiketi anayo, aende nayo kwenye ofisi yao aulize kwa upole, aanze na Entschuldigung, samahani.